Je, Wajua? Maumivu ya Punda, na Kwa Nini Mpanda Haina Farasi

Je, wajua kwamba waweza kukaa Mpanda mwaka mzima usione farasi, ilhali ukipanda basi la Sumbawanga, punda milia unawaona dirishani barabara inapokatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kati ya Sitalike na Kibaoni? Hawa ni ukoo mmoja. Kinachowatenganisha ni wadudu wawili. Wa kwanza kila mkazi wa Katavi anamjua kwa kuumwa naye: ndorobo, anayebeba vimelea vya ugonjwa wa nagana. Wa pili ni usubi, mdogo kuliko mbu, na ndiye anayesambaza virusi vya ugonjwa unaoitwa homa ya farasi ya Afrika.

Homa hiyo ikiingia kwenye zizi la farasi wasio na chanjo, inaweza kuua 9 kati ya 10. Mapafu yanajaa maji, mnyama anatokwa na povu puani, na mara nyingi hamalizi hata wiki. Hakuna dawa ya kuua virusi vyenyewe, hivyo daktari anabaki na kazi ya kupunguza maumivu, kupoza homa na kumwacha mnyama apumzike. Punda milia huambukizwa na kuendelea kula majani kana kwamba hakuna kilichotokea. Punda wa kawaida naye huvumilia vizuri.

Mwaka 1987 Hispania ililijua hilo kwa gharama kubwa. Punda milia kutoka Namibia walipelekwa kwenye bustani ya wanyama karibu na Madrid, wakionekana wazima kabisa. Farasi wa jirani wakaanza kufa, na ugonjwa haukumalizika hadi 1990.

Je, wajua kwamba Tim Caro, mmoja wa wanasayansi waliochambua kwa kina sababu ya punda milia kuwa na milia, ni mtu aliyefanya utafiti Katavi kwa miaka mingi? Mwaka 2014 yeye na wenzake walichapisha ulinganisho wa jamii zote za punda na farasi duniani, wakaona kwamba milia imeshamiri pale penye inzi wengi wanaouma. Mwaka 2019 wakawavisha farasi wa Uingereza mashuka yenye milia. Inzi waliozunguka walikuwa wengi kama kawaida, lakini waliofanikiwa kutua kwenye milia walikuwa wachache. Mwaka huohuo Wajapani walipaka ng'ombe milia myeupe, na inzi wanaowauma wakapungua kwa karibu nusu. Bado sijamwona mfugaji wa Katavi aliyepaka chokaa punda wake, ila kwa bei ya chokaa, mtu akijaribu sitamcheka.

Kufa kwa farasi katika nchi hii ni habari ya zamani: mwanahabari Stanley alitoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta mvumbuzi Livingstone akiwa na farasi wawili, mmoja wa kijivu, zawadi ya Sultani Barghash. Wote wawili walifia Kingaru, mwanzo kabisa wa safari, wakipishana kwa saa chache. Alimpasua yule wa kijivu, akakuta tumbo limejaa minyoo. Kisha akamzika, na hapo ndipo shauri lilipozuka. Mkuu wa kijiji alidai faini ya nguo kwa mzoga kufukiwa kwenye ardhi yake bila ruhusa. Stanley akajibu kwamba basi, atamfukua amwache alipoangukia. Mzee akaona heri asamehe.

Na je, wajua kwamba Karema, kijiji cha Mkoa wa Katavi kando ya Ziwa Tanganyika, kiliwahi kufikiwa na tembo wa India? Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alikuwa akiwaza jinsi ya kusafirisha mizigo katika nchi ambayo farasi na ng'ombe wanakufa njiani. Mwaka 1879 tembo wanne waliofunzwa kazi walishushwa Msasani, Dar es Salaam, chini ya Kapteni Frederick Carter, wakaanza safari ya kwenda bara. Ndorobo waliwauma, lakini hawakuwaua, na wasafiri wakashangilia. Kumbe adui alikuwa wao wenyewe. Tembo walibebeshwa mizigo mizito mno, wakatembezwa kwenye joto na vilima, wakapata malisho pungufu na mapumziko haba. Mmoja alianguka Mpwapwa. Aliyefika Karema, mwezi Desemba, ni mmoja tu. Carter mwenyewe aliuawa Mpimbwe mwezi Juni 1880, akirudi pwani. Wanyama watatu wenye nguvu za ajabu walipotea kwa sababu hakuna aliyepanga siku za kupumzika, na daktari yeyote wa wanyama wa kazi atakwambia hiyo ndiyo dawa ya kwanza, tena haiuzwi dukani.

Mwaka 1916 jeshi la Waingereza na la Afrika Kusini lilipoteza wanyama wa kazi kwa kiwango kikubwa zaidi. Farasi na baghala walikufa kwa maelfu, wengi kwa nagana, katika vita ya Afrika Mashariki. Madaktari wa jeshi waliwapa baadhi yao aseniki, wakijua kwamba haiponyi. Ilikuwa ya kuwaongezea muda tu ili mzigo ufike.

Sasa tuje kwa punda, maana ndiye farasi wetu.

Je, wajua kwamba kidonda cha shingoni kwa punda wa Katavi mara nyingi si ajali? Ni kazi ya nira. Wafugaji wa Kisukuma waliohamia huku na mifugo yao wana maksai na punda katika boma moja, na nira iliyochongwa kwa ajili ya maksai huishia kwa punda. Maksai wetu ana nundu: mti wa nira unakaa mbele ya nundu na nyama ndiyo inayosukuma. Punda hana nundu. Mti unamlalia kwenye mfupa wa shingo na unasugua kila gurudumu linapoingia shimoni. Nguvu ya punda iko kifuani, kwa hiyo anahitaji mkanda mpana wa kifua, kama vidole vinne hadi vitano hivi, wa turubai au mkanda wa gari uliozungushiwa kitambaa laini, ukikaa chini ya koo bila kubana pumzi. Kamba ya katani haifai, na mpira wa tyubu uliokatwa mwembamba ni mbaya zaidi, kwa sababu unavutika, unashika jasho na kukata ngozi.

Jaribu hivi asubuhi kabla ya kufunga mkokoteni: ingiza kiganja chako kati ya mkanda na ngozi, kisha mwache punda apige hatua mbili. Kama mkono wako unaumia, yeye anaumia kutwa nzima.

Je, wajua maana ya nywele nyeupe kwenye bega la punda wa kijivu? Si uzee. Shinikizo likiharibu mashina ya nywele, zinazoota baada ya kidonda kupona hutoka bila rangi. Ukienda sokoni kununua punda, kabla ya kumfungua mdomo uhesabu meno, mwangalie mabega na mgongo. Muuzaji anaweza kukudanganya umri, lakini alama hizo hazifutiki.

Punda wa kilo 160 mwenye afya asibebeshwe mgongoni zaidi ya kilo 50 hivi. Gunia la mahindi la kilo 100 ni mara mbili yake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndivyo tulivyoambiwa na wazee.

Wazee hao hao walisema shukrani ya punda ni mateke. Daktari wa mifugo akipigwa teke hafikirii shukrani, anaenda kupapasa mgongo, kiuno na kwato, kwa kuwa punda aliyekuwa mpole na ghafla akaanza kurusha mateke wakati wa kufungwa mkokoteni, mara nyingi kuna mahali panamuuma. Mateke ni lugha ya wazi. Shida kubwa ni yule anayenyamaza. Punda huficha maumivu kuliko farasi: hujinyoosha, husimama tuli, hutafunatafuna kitu mdomoni, na mwenye naye anasema hajambo. Wengi hufikishwa kwa mtaalamu wakiwa wamebakiza siku.

Je, wajua kwamba uso wa farasi una alama zake za maumivu, na zimeshaandikiwa vipimo? Mwaka 2014 watafiti wakiongozwa na Waitaliano walipiga picha za farasi kabla na baada ya kuhasiwa, wakapata mambo sita ya kutazama: masikio yaliyokazwa kuelekea nyuma, jicho lililofumbwa kiasi, misuli iliyokaza juu ya jicho, misuli ya taya iliyokaza, midomo iliyobanwa hadi kidevu kikachomoza, na pua zilizokakamaa. Kwa punda watafiti wametengeneza vipimo vyao, kwa sababu sura yake si ya farasi. Hata bila vipimo, simama pembeni dakika tano asijue unamtazama. Angalia masikio. Ya punda mzima hayatulii, huzunguka kufuata kila pikipiki na kila sauti ya mlango. Masikio yaliyolegea pembeni, kichwa chini ya usawa wa bega, mguu mmoja wa mbele umetangulizwa: hapo hakuna wa kukwambia hajambo.

Joto la punda mzima huwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.8. Moyo wake hupiga mara 36 hadi 52 kwa dakika akiwa amepumzika. Ukipata 70 na hajakimbia popote, mpigie mtaalamu.

Je, wajua kwamba OTC haiondoi maumivu? Hiyo ni oksitetrasaiklini, dawa ya kupambana na bakteria, nayo imekuwa jibu la kila swali kwenye maduka mengi ya pembejeo. Punda anachechemea, anachomwa OTC. Amegoma kula, OTC. Sindano yenyewe inauma na huacha msuli umevimba, hivyo mnyama anaondoka na maumivu mawili. Dawa za kutuliza maumivu ni kundi jingine kabisa, na kwa punda zina hesabu zake. Fenilbutazoni, inayotumika sana kwa farasi, punda huiondoa mwilini haraka zaidi, kwa hiyo ratiba ya farasi humwacha na maumivu saa nyingi za siku. Meloksikamu kwa ng'ombe inakaa zaidi ya siku nzima, kwa punda inakwisha ndani ya saa chache. Mtu anayekupimia dozi ya punda kwa kusoma kibandiko cha ng'ombe anabahatisha kwa fedha yako. Muulize kama ni daktari aliyesajiliwa. Ni haki yako.

Diklofenaki nayo ina kisa chake. Nchini India ilitumika kutuliza maumivu ya ng'ombe. Tumbusi waliokula mizoga ya ng'ombe hao walikufa kwa figo kushindwa kazi, na baadhi ya aina wakapungua kwa zaidi ya asilimia 95, hadi serikali ikaipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Meloksikamu ikashika nafasi yake kwa kuwa haiwadhuru. Sisi tunaoishi pembeni ya hifadhi, ambako tumbusi husafisha mizoga bila kudai posho, tuna kila sababu ya kuangalia kilichomo ndani ya chupa.

Kuchoma kwa chuma cha moto kwenye goti au kwenye kano iliyovimba ni tiba ya kale, kutoka Arabuni hadi Ulaya na kwa wafugaji wetu pia. Chuo Kikuu cha Bristol kiliichunguza kwa farasi na kutoa ripoti mwaka 1983. Haikuonekana faida yoyote ya kuchoma kwenyewe. Kilichosaidia ni mapumziko ya miezi ambayo mnyama alipewa baada ya kuchomwa. Mpe mapumziko bila moto, basi.

Je, wajua kwamba moja ya dawa za vidonda zinazoheshimiwa duniani inavunwa Inyonga? Asali ya Mlele inajulikana nchi nzima, na wanaoila hawana habari na mambo ya farasi. Sukari nyingi iliyomo hunyonya maji kwenye kidonda na kuwakausha bakteria, uchachu wake hauwapendezi, na kimeng'enya kilichowekwa na nyuki hutoa kidogo kidogo kemikali ileile ya kusafishia vidonda iliyo kwenye chupa za hospitali. Mwaka 2020 madaktari wa Israel walichapisha majaribio ya farasi zaidi ya 100 waliokuwa na majeraha ya kuchanika. Wale waliopakwa asali ya tiba ndani ya jeraha kabla ya kushonwa walipona vizuri zaidi kuliko ambao hawakupakwa.

Lakini taratibu. Asali hiyo ya tiba hupitishwa kwenye mionzi ili kuua mbegu za bakteria. Ya kwenye chupa ya maji ya kunywa haijapita huko. Kwa mchubuko wa juu uliosafishwa vizuri, asali safi isiyochemshwa, iliyofunikwa kwa kitambaa kisafi inzi wasifike, inasaidia. Kwa tundu refu la msumari, hapana. Punda na farasi ni miongoni mwa wanyama wanaopatwa na pepopunda kwa wepisi zaidi, na tundu dogo linaloziba juu ndilo makazi yake. Huyo anahitaji mtaalamu siku hiyohiyo.

Na usimfunge punda chini ya mti wenye mizinga. Nyuki wakichokozwa, aliyefungwa kamba hana pa kukimbilia.

Cha kuoshea kidonda ni maji yaliyochemshwa yakapoa, lita moja kwa vijiko viwili vya chai vya chumvi visivyojaa. Oili chafu ya gari, maji ya betri na majivu ya moto vinachoma nyama mpya inayojaribu kuota, kisha mtu anashangaa kidonda kina mwezi wa tatu.

Je, wajua kwamba kwato za punda ziliumbwa kwa nchi kavu? Asili yake ni jangwa la kaskazini mashariki mwa Afrika, na ukwato wake hunyonya maji zaidi ya wa farasi. Masika ya Katavi, kuanzia Novemba hadi Aprili, humkuta amesimama kwenye tope la zizi usiku kucha. Ukwato unalainika, uchafu unapenya, usaha unajikusanya ndani. Kwa kuwa ukuta wa ukwato hautanuki, usaha unakosa nafasi na maumivu yake hufanana na ya mfupa uliovunjika. Mnyama anakanyaga kwa ncha, mwenye naye anakata tamaa na kufikiria kumchinja. Mtaalamu akipata sehemu sahihi na kutoboa kwa kisu cha kwato, usaha unaruka, na jioni ile ile punda anaweza kukanyaga chini. Baada ya hapo ni kuloweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi ya magnesi, kufunga, na kumweka pakavu. Ni katika tiba chache ambazo mwenye mnyama huona nafuu kwa macho yake kabla chai haijapoa.

Maji baridi nayo ni dawa. Mguu uliovimba leo umwagiwe maji baridi dakika 20, mara kadhaa kwa siku, kwa siku mbili za kwanza. Kwa farasi wenye hatari ya kuvimba ndani ya kwato, hospitali kubwa huwavalisha mifuko ya barafu miguuni mfululizo kwa siku mbili au tatu. Sisi tuna kisima na ndoo. Mto Katuma ndani ya hifadhi sikushauri: viboko wamebanana humo wakati wa kiangazi, na mamba wamelala kwenye mapango ya kingo.

Kano ya nyuma ya mguu ikichanika, huchukua miezi 9 hadi 12 au zaidi kupona, na haiponi ikawa kama zamani, inashikwa na kovu lisilonyumbulika vizuri. Kwenye miji ya mbio za farasi, kama Dubai na Newmarket ya Uingereza, watakuletea mashine ya mawimbi ya mshtuko, iliyotokana na ile ya kuvunja mawe ya figo ya binadamu, au chembe za uboho wa mnyama mwenyewe. Hata hao, wakishamaliza kulipa, huambiwa wamtembeze taratibu kwa mkono na kuongeza dakika wiki kwa wiki. Hicho kipande cha mwisho ni bure hata kwenye kata zetu za Mpanda Hoteli, Majengo au Kashaulili.

Je, wajua kwamba pilipili iliinyang'anya timu medali? Kwenye Olimpiki ya Beijing 2008, farasi wanne wa kuruka viunzi walikutwa na kapsaisini, kiini cha ukali wa pilipili. Hupakwa kutuliza maumivu ya misuli, lakini pia huifanya ngozi iume mno, hivyo farasi anaogopa kugusa mti. Norwei ikapoteza shaba yake.

Je, wajua kwamba shubiri iliyouzwa Ulaya karne ya 19 kwa jina la Zanzibar mara nyingi ilifungashwa kwenye ngozi za tumbili? Utomvu wake wa njano ni wa kuharisha, na farasi wa Ulaya walilishwa shubiri kwa ajili hiyo hiyo. Kwenye kidonda tumia ute mweupe wa katikati ya jani, si huo wa njano.

Je, wajua kwamba dawa ya sumu ya nyoka inayotengenezwa Afrika Kusini hutokana na damu ya farasi? Wanachanjwa sumu kidogo kidogo hadi damu yao inatengeneza kinga, kisha hutolewa kiasi na kuachwa wapumzike.

Je, wajua kwamba kukuna ni tiba? Mwaka 1993 watafiti nchini Ufaransa walipima mapigo ya moyo ya farasi waliokuwa wakikunwa pale shingo inapokutana na mgongo, mahali farasi hukunana wao kwa wao. Mapigo yalishuka. Walipokunwa sehemu nyingine, hayakushuka. Kwa punda mwenye wasiwasi anayesubiri sindano, anzia hapo, kwa kucha, ukivuta polepole hadi mdomo wa juu urefuke.

Mfungue jioni penye vumbi laini agaegae. Punda asiyegaagaa siku mbili mfululizo, na alikuwa akigaagaa, ana jambo. Asiyelala chini naye vilevile: anaweza kusinzia amesimama, lakini usingizi wa ndoto unamtaka alale, na mwenye maumivu huogopa kulala kwa sababu ya kazi ya kuinuka.

Kwenye baadhi ya nchi ngozi ya punda huchemshwa kuwa gundi ya dawa iitwayo ejiao, na biashara hiyo ilimaliza punda wengi Afrika. Februari 2024 Umoja wa Afrika ulikubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Tanzania tayari ilikuwa na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayofanya kumtesa mnyama kuwa kosa.

La mwisho linauma mfuko zaidi ya yote. Punda akiacha kula kwa sababu ya maumivu, mwili huanza kuyeyusha mafuta yake na kuyamwaga kwenye damu, na yakizidi huziba ini na figo. Siku mbili tatu zinatosha kumuua mnyama ambaye ugonjwa wa kwanza ulikuwa wa kupona. Ndiyo maana kutuliza maumivu mapema si kumdekeza. Na kingine kinachomfanya aache kula ni kutengwa: punda hushikamana na mwenzake aliyezoea kukokota naye, akimkosa hususa. Lamu, kwenye kituo cha tiba ya punda kilichofunguliwa mwaka 1987, wanajua hilo vizuri. Ukimpeleka mgonjwa kwa mtaalamu, wapeleke wote wawili. Utalipia mmoja.